UZI: Antibiotiki imegoma. Je, mti shamba unaweza kuirudishia nguvu?

Mwotesha Vimelea (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna swali nimeulizwa dirishani tunapopokea sampuli, nikaulizwa kwenye daladala, juzi nimeulizwa msibani: "Nimeambiwa dawa zimegoma mwilini. Nikizinywa pamoja na muarobaini si zitashika?" Nikijibu kwa mkato, anayeamini miti anaona naidharau, na anayetaka ruhusa anaondoka akidhani nimempa. Kwa hiyo leo nimekaa niandike vizuri. Mimi ni mteknolojia wa maabara, upande wa kuotesha vimelea, mwaka wa kumi na moja huu.

Nianze na shangazi yangu. Ana kisukari, akapata kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Duka la kwanza aliuziwa vidonge vya rangi mbili, kumi tu. Akameza siku tatu, maumivu yakapungua, akaacha. Kidonda kiliporudi akanunua dawa nyingine, nayo nusu dozi, huku anakiosha kwa maji ya majani aliyochemsha mwenyewe. Alipoletwa kwetu mguu ulikuwa unanuka. Mwenzangu akachukua usaha, akaotesha, akapandikiza kwenye sahani ya kupimia dawa.

Kwa asiyewahi kuiona: ni sahani ya plastiki ukubwa wa kisosi, ndani ina agari, lishe ya kuoteshea bakteria, iliyoganda kama uji wa jana. Bakteria wakiota wanatanda juu yake kama utando wa maziwa. Kabla hawajaota unaweka vipande vya karatasi vya duara, vidogo kama kitufe cha shati, kila kimoja kina dawa yake. Dawa ikifanya kazi, asubuhi unakuta duara safi kuzunguka karatasi, bakteria hawakusogea. Kwenye sahani ya shangazi, vipande vinne kati ya sita bakteria walikuwa wameota mpaka wanaigusa karatasi yenyewe. Hakuna duara. Nilisimama na ile sahani mkononi nikifikiria kwamba huyu ndiye aliyenilea.

Hili si la familia yangu peke yake. Hesabu kubwa iliyofanywa kwa mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao. Kanda iliyoumia kuliko zote ni Afrika kusini mwa Sahara, hasa magharibi yake.

Sasa tuje kwenye miti.

Bakteria sugu ana mbinu kadhaa. Anaweza kutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijamfikia. Anaweza kubadilisha sehemu ambayo dawa ilikuwa inaishika, ikifika inakosa pa kushika. Anaweza kubana milango ya utando wake wa nje. Na anaweza kuitapika dawa. Hapa kwenye kutapika nataka nikae, maana ndipo mimea inapoingia kwa kishindo.

Mliokulia pwani mnajua kazi ya kufua maji. Ngalawa inavuja, lakini mwenye upo, kile chombo cha kutolea maji, akiwa na mikono myepesi, haizami. Bakteria naye ana pampu kwenye utando wake: dawa inaingia, pampu inaitoa, na ndani hakijai kiasi cha kumuua. Pampu ya namna hii ilielezwa mwaka 1980 na kundi la Stuart Levy, Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, kwa bakteria wa E. koli waliokuwa wakiitoa antibiotiki ya tetrasaiklini.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2000, Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao walichapisha kazi ambayo mimi naiona ndiyo mlango wa somo hili lote. Walichukua mmea wa jamii ya Berberis. Mimea hiyo ina berberini, ile rangi ya njano ya mizizi, na berberini inaua bakteria. Shida ni kwamba *Staphylococcus aureus*, huyuhuyu wa majipu na vidonda, ana pampu iitwayo NorA inayoitoa berberini nje kirahisi, hivyo berberini peke yake ni dhaifu. Lakini ndani ya mmea uleule walikuta kiambata cha pili, metoksihidnokapini. Hiki ukikiweka peke yake, bakteria hawashtuki kabisa. Ukikiweka pamoja na berberini, kinaziba pampu, berberini inajaa ndani, bakteria anakufa.

Yaani mmea ulikuwa na mpiganaji na mtu wa kumshika mikono mwenye upo. Mtafiti anayechuja kiambata kimojakimoja na kukipima kivyake angekitupa hiki cha pili akisema hakina kazi. Nadhani tumetupa vingi hivyo. Na jamii hiyo ya Berberis tunayo: *Berberis holstii* inaota kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki, ukikwaruza mzizi wake unaona njano.

Wazo la kumpa mpiganaji msaidizi si geni hospitalini. Wote mnaijua Augmentin. Ndani yake kuna amoksilini na asidi ya klavulaniki. Hii asidi haina nguvu ya maana ya kuua bakteria. Kazi yake ni kukizuia kile kimeng'enya kinachoikata amoksilini. Ilitoka kwa kijidudu cha udongoni, *Streptomyces clavuligerus*, na dawa ikaingia sokoni Uingereza mwaka 1981. Swali la leo ni kama mimea inaweza kutupa wasaidizi wa aina hiyo.

Naendelea chini, ni ndefu.

Mwotesha Vimelea

Tunajuaje kwamba vitu viwili vinasaidiana kweli, si kwamba kila kimoja kinafanya kazi yake?

Kuna kipimo kinachofanana kabisa na ubao wa drafti. Sahani ina vishimo 96, safu 8 kwa 12. Kwenda kulia unapunguza antibiotiki nusu kwa nusu. Kwenda chini unapunguza kiambata cha mmea vilevile. Kila kishimo kinapata mchanganyiko wake, halafu bakteria. Kesho yake unadondosha resazurini, rangi ya bluu. Bakteria walio hai wanaibadilisha kuwa waridi. Palipobaki bluu, wamezuiwa. Mara ya kwanza nilipofanya hii nilikuwa masomoni, nikaona bluu inashuka ngazi kwa ngazi kutoka kona moja, ikiingia mpaka kwenye vishimo ambavyo antibiotiki peke yake ilikuwa imeshindwa. Nilimwita kila mtu aliyekuwa koridoni aje kuangalia.

Kisha unapiga hesabu. Tuseme ili kuwazuia bakteria, antibiotiki peke yake ilihitaji vipimo 64, kiambata peke yake 128. Vikiwa pamoja, 8 na 16 vinatosha. Unagawa: 8 kwa 64 ni 0.125, na 16 kwa 128 ni 0.125. Jumla 0.25. Ikiwa 0.5 au chini, wanashirikiana. Ikizidi 4, wanapingana, yaani mti umeiharibia dawa. Katikati hapo, usitangaze chochote. Nalisema hili kwa sababu naona mabango ya "imethibitishwa maabara" na ukiuliza namba hakuna anayeijua.

Mfano uliofika mpaka kwa mgonjwa upo, nao unatoka jikoni. Pilipili manga ina kiambata kinaitwa piperini. India waliidhinisha mwaka 2009 kidonge cha kifua kikuu kiitwacho Risorine chenye rifampisini miligramu 200, isoniazidi 300 na piperini 10. Rifampisini ya kawaida kwenye matibabu yao ilikuwa 450. Piperini inasaidia rifampisini nyingi zaidi iingie kwenye damu, na maabara imeonyesha pia kwamba inazuia pampu moja ya kimelea cha TB. Piperini hiyohiyo inaizuia NorA, antibiotiki ya siprofloksasini (cipro) ikapata nguvu dhidi ya Staphylococcus kwenye sahani.

Angalieni ukubwa: miligramu 10. Iliyopimwa, safi, ileile kila kidonge.

Fundi Baiskeli

Nimeweka kigoda mkuu. Swali la haraka: kwa hiyo anayemeza dawa za TB hapa kwetu akiweka pilipili manga nyingi kwenye chai anaongeza nguvu?

Mwotesha Vimelea

Hapana mkuu, na nashukuru umeuliza wazi maana wengine wangefanya kimyakimya. Kile kidonge kilipunguziwa rifampisini kwa sababu piperini ipo, na damu za watu zikapimwa. Hapa kwetu mgonjwa anapewa dozi kamili kulingana na uzito wake, bila hesabu ya piperini. Pilipili ya kawaida kwenye pilau haina neno. Kumeza vijiko vya pilipili kama dawa ni kubadilisha dozi bila mtu yeyote kujua imebadilika kiasi gani, na TB si ugonjwa wa kuchezea dozi. Tena piperini haichagui: inapandisha na dawa nyingine mwilini, mojawapo ya kifafa, fenitoini, ambayo ikizidi kidogo inamlewesha mtu.

Bint Wete

Assalam alaykum. Kwetu Pemba jino likiuma unaambiwa uweke karafuu, na hospitali ya meno nimenusa harufu ileile. Hiyo nayo ni katika haya unayoyasema?

Mwotesha Vimelea

Wa alaykum salaam dada. Pua yako haikudanganyi. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni eujenoli, na madaktari wa meno wanachanganya eujenoli na oksidi ya zinki kupata ile simenti ya kuziba jino kwa muda. Inatuliza na inazuia vijidudu.

Kwa habari ya uzi huu, eujenoli inafanya kazi kwa njia tofauti na pampu: inalegeza utando wa bakteria. Jambo hilo ni kubwa kwa sababu wale wenye utando wa ziada wa nje, E. koli, Klebsiella na ndugu zao, ndio wanaotusumbua zaidi kwenye mkojo na wodi za watoto wachanga, na viambata vingi vya mimea vinagonga mwamba kwao. Utando ukilegea, antibiotiki inapenya. Watafiti wa India walichapisha mwaka 2009 kwamba eujenoli iliziongezea nguvu antibiotiki kadhaa dhidi ya bakteria wa kundi hili. Ila utando wa seli zetu nao hulegea eujenoli ikiwa nyingi. Mafuta ya karafuu yakinywewa kwa wingi yanaumiza ini, na watoto wadogo wamewahi kulazwa mahututi kwa ajili hiyo. Kwenye jino, tone. Kunywa, hapana.

Muuguzi wa Nyanza

Niko upande wa Kenya, wodi ya akina mama. Kile kinaniuma ni kwamba wagonjwa wanaficha. Mama atakuambia hajatumia chochote, halafu jioni unaona chupa ya soda iko na maji ya kahawia chini ya mto. Ukimgombeza, kesho ataficha vizuri zaidi. Siku hizi nauliza hivi: "Mama, nyumbani mlianza na dawa gani?" Ananitajia yote, hata mti na mahali ulichimbwa. Lakini nikishajua, mara nyingi sijui nimwambie nini.

Mwotesha Vimelea

Dada, swali lako hilo la "mlianza na dawa gani" nalichukua, kesho nalipeleka kwa wenzangu wa OPD, wagonjwa wa nje.

Cha kumwambia, naona kuna mambo machache ambayo yana ushahidi wa kutosha. Siprofloksasini na tetrasaiklini zinanasana na madini. Maziwa, vidonge vya chuma, dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, vyote vinaikamata dawa tumboni ikatoka bila kuingia kwenye damu. Unga wa mlonge una kalsiamu na chuma kingi, kwa hiyo mimi simwachii mtu aumeze pamoja na cipro. Maelekezo ya dawa yenyewe yanasema saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake.

Kwa wanaotumia ARV nawakumbusha kisa cha kitunguu saumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Marekani waliwapa watu wazima wenye afya vidonge vya kitunguu saumu kwa karibu wiki tatu pamoja na sakwinaviri, moja ya dawa za VVU za wakati ule. Kiasi cha dawa kwenye damu kikashuka kwa karibu nusu. Kitunguu saumu! Kitu ambacho hakuna mtu angekiogopa. Kilichopo kwenye mboga si tatizo. Vile vidonge vilivyokolezwa na vikombe vya kila asubuhi ndivyo vya kuuliza.

Na kiwango cha chini cha dawa kama hicho ndicho kinacholea usugu. Kwa bakteria, dawa ikiwa nusu kwenye damu, walio dhaifu wanakufa, wenye pampu kali wanabaki kuzaana.

Mangi wa Kibosho

Mkuu, umenigusa uliposema mizizi. Sisi kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, tunatumia gome la mti wa msesewe. Wazee wanasema unasafisha tumbo. Upo kwenye orodha?

Mwotesha Vimelea

Mangi, msesewe ni *Rauvolfia caffra*, na ukoo wa Rauvolfia una historia ndefu sana kwenye somo hili. Kutoka kwa ndugu yake wa India, *Rauvolfia serpentina*, ilipatikana reserpini, dawa ya presha iliyotumika sana kuanzia miaka ya 1950. Baadaye ikagundulika reserpini inaziba NorA vizuri mno. Watu wakafurahi. Kisha wakapiga hesabu: kiasi kinachohitajika kuziba pampu ni kikubwa kuliko mwili wa mtu unavyoweza kuvumilia. Presha inaanguka, na mishipa ya fahamu inaathirika. Kwa hiyo imebaki chombo cha maabara, tunaitumia kupima kama bakteria ana pampu. Viambata vingi vimefia hapohapo: sahani inasema ndiyo, mwili unasema hapana.

Halafu kuna la pili kuhusu msesewe wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Kenya walichapisha kazi juu yake: alkaloidi na saponini za mti huo, makundi mawili ya viambata vyake, zikiwekwa pamoja, zilipunguziana nguvu badala ya kuongezeana. Mti uleule, vitu viwili vinavutana. Kwa hiyo tusije tukadhani kila mchanganyiko wa asili ni ushirikiano. Inabidi upimwe.

Kijana wa Kariakoo

Mimi naona haya yote yanajulikana na wenye viwanda, wanakuja wanachukua miti yetu wanaturudishia kwa bei. Kwa nini tuwaambie?

Mwotesha Vimelea

Hofu yako ina msingi, siikatai. Ndiyo sababu kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka anayechukua mmea au maarifa ya jamii apate ridhaa na agawane faida. Utekelezaji wake huku ni wa kusukumana, na ningependa wanasheria humu waandike uzi wao. Ila kukaa kimya nako kuna gharama. Tu Youyou wa China alisoma maandiko ya kale ya nchi yake, akatoa artemisinini kwenye mmea, akapata Nobeli mwaka 2015. Sisi leo tunameza dawa mseto ya malaria iliyotokana na kazi hiyo. Neno lenyewe "mseto" linasema kila kitu: artemisinini haipewi peke yake, inapewa mwenzake, ili kimelea kisipate nafasi ya kuzoea. Nchi iliyoandika mapishi yake ndiyo iliyotajwa. Ambayo haikuandika haina cha kudai.

Mzee wa Mizizi

Vijana, nimesoma kuanzia juu. Mimi ni mtabibu wa tiba asili, nimesajiliwa na Baraza, kazi nimeirithi kwa baba. Nataka kusema moja. Baba hakuwahi kumpa mgonjwa wa kidonda mti mmoja. Ilikuwa mitatu, na mmoja kati ya hiyo mitatu alikuwa akisema "huu hauponyi, huu unafungua njia." Nilikuwa nadhani ni maneno ya kizee tu. Leo umeandika habari ya kiambata kisichoua lakini kinamshika mikono mwenye upo, nikamkumbuka. Sasa mwanangu, niambie, mtu kama mimi anaanzia wapi?

Mwotesha Vimelea

Shikamoo mzee wangu.

Nimelisoma hili la "unafungua njia" mara tatu. Kuna watu wenye shahada kubwa waliotumia miaka kufika alipofika marehemu baba.

Huo mti wa kufungua njia ndio ningeanza nao, na ningeupima pamoja na antibiotiki ambazo bakteria wa vidonda wanazikataa, kwa ule ubao wa drafti. Ukipimwa peke yake utaonekana hauna kazi. Muhimbili wana Taasisi ya Tiba Asili, na kazi ya namna hii ndiyo yao. Ukienda, omba makubaliano yaandikwe na kusainiwa kabla hujataja jina la mti. Usione aibu kulidai hilo, mzee.

Kwa kila mti chukua tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, maana gome peke yake linadanganya hata wataalamu. Lilaze ndani ya gazeti, lifunikwe gazeti jingine, likandamizwe na kitu kizito, gazeti libadilishwe kila siku mpaka likauke. Andika tarehe, mahali, na ardhi ikoje, kichanga au mfinyanzi. Gome au mzizi unaotumika uanikwe kivulini, si juani, kisha uwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki inaozesha. Na tafadhali andika baba alivyokuwa anafanya hasa: maji baridi au ya moto, kuchemsha muda gani, mitatu yote sufuria moja au kila mmoja peke yake. Kuchemsha pamoja na kuchanganya baadaye vinaweza kutoa majibu mawili tofauti kabisa.

Muuguzi wa Nyanza

Na shangazi je? Hujatuambia.

Mwotesha Vimelea

Dawa mbili kati ya sita zilionyesha duara. Daktari akachagua moja ya sindano, siku kumi na nne, sukari ikashushwa, nyama iliyokufa ikaondolewa. Kidole kimebaki. Anasafishiwa kidonda kila baada ya siku mbili, na maji ya majani ameyaacha mwenyewe, lakini alinipa fungu la yale majani nimpelekee mtu wa mimea ayatambue. Yako mezani kwangu, ndani ya gazeti.

Mzee wa Mizizi

Marahaba mwanangu. Mwezi ujao miti inatoa maua. Nitakata matawi.